Choo kisichojaa

"Mwanangu, choo hiki nilikichimba mwaka niliooa, na mpaka leo hakijajaa." Mzee mmoja wa pwani ya kusini mwa Mombasa aliniambia hivyo huku akiigonga sakafu ya choo kwa bakora, fahari imemjaa. Nikamwomba maji ya kisima chake, hatua kama ishirini kutoka hapo. Si ya kunywa. Niliyatia kwenye kichupa chenye karatasi ya dawa ya kupimia, nikakiacha dirishani. Kulipokucha yalikuwa meusi tii, dalili kwamba kinyesi kimeingia kisimani.

Choo chetu hakijai kwa sababu kinavuja. Chini ya udongo kiduchu tulio nao pana mwamba wa matumbawe, wenye matundu na nyufa kama sifongo. Udongo mzito huyachuja maji taka polepole. Humu yanapita mbio. Tena maji ya ardhini karibu na ufuo hupanda na kushuka pamoja na bahari. Bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, linapoingia, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hulifikia shimo kwa chini, na bahari ikipwa huondoka na yaliyomo. Yasipoishia kisimani yanaishia baharini, na naitrojeni yake inarutubisha mwani unaoyasonga matumbawe.

Watu huniuliza kuhusu mitambo inayosafisha maji taka kwa kuyapulizia hewa. Inasafisha vizuri, sikatai, lakini umeme ukikatika siku kadhaa bakteria wanaofanya kazi wanakufa. Kwa kijiji kidogo mimi nachagua tangi na matete. Utaratibu wa aina hii ulijengwa gereza la Shimo la Tewa, ambako zamani maji taka yalitiririka hadi mkono wa bahari wa Mtwapa.

Chukua watu 500, kila mmoja lita 60 kwa siku: hizo ni lita 30,000. Tangi liyashike siku mbili, yaani lita 60,000, na nafasi ya tope juu ya hapo. Vizito vitatua, mafuta yataelea, maji ya katikati yatatoka kwenda kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, chenye kina cha sentimita 60, kilichozibwa chini yasipenye mwambani. Mita ya mraba moja na nusu kwa kila mtu inatosha kwa joto letu. Jumla mita za mraba 750, kama sehemu ya kumi ya uwanja wa mpira. Maji yatembee sentimita 10 chini ya uso wa kokoto. Hapo mbu hapati pa kutagia, wala harufu haisumbui. Matete yanasaidia, ila kazi kubwa inafanywa na utando wa bakteria kwenye mawe.

Kitanda changu cha kwanza niliruhusu kokoto ziteremshwe bila kuoshwa. Vumbi lake likaziba mianya, na baada ya miezi michache maji yakawa yanatembea juu, meusi, na watoto wanaruka madimbwi. Tukakifukua chote kwa koleo. Safari nyingine gari la maji taka lilinyonya tangi la plastiki likabaki tupu katikati ya bamvua. Maji ya chini yakalisukuma, likachomoza ardhini kama kasa anayeibuka kupumua. Siku hizi natumia zege, na gari naliita maji yakiwa mafu, bahari isipopanda sana.

Maji yanayotoka huku bado yana vijidudu. Namwagilia migomba na minazi, kwenye shina. Nyanya za kachumbari, hapana.

Tope la tangi huondolewa kila baada ya miaka miwili au mitatu, na miradi niliyoiona ikifa ilifia hapa: fedha za gari hazikuwekwa. Nilipomweleza mzee wangu kwamba kila nyumba italazimika kuchanga, alikaa kimya kidogo.

"Kwa hiyo kikijaa, nifurahi?"

"Ufurahi, mzee. Halafu utoe mchango."