Antena ya masafa mapana si antena ya kuvuta mbali

Ukiulizia antena pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, hukosi kuambiwa: "Chukua hii, ni ya masafa mapana, inavuta hata ukiwa nyuma ya Mlima Rungwe." Hapo yamechanganywa mambo mawili, na anayeumia ni mnunuzi.

Antena ya masafa mapana ni ile inayofanya kazi kwa kiwango kinachokaribiana toka masafa (yaani frikwensi, si umbali) ya chini hadi ya juu, tuseme megahezi 88 hadi 600, bila kukatwa wala kurefushwa. Basi. Habari ya umbali haimo.

Kuvuta mbali kunatokana na antena kuelekeza nguvu zake upande mmoja. Yagi, ile antena ya vijiti kadhaa vilivyopangwa kwenye bomba moja, ndiyo kazi yake, ila kwa masafa machache iliyopimiwa. Sasa itazame diskoni, antena ya masafa mapana ambayo fundi yeyote anaweza kuiunda kwa bei ndogo: sahani juu, koni chini. Koni iwe na urefu wa robo ya wimbi la masafa ya chini kabisa. Kwa megahezi 88 ni sentimita 85 hivi, na sahani iwe na kipenyo cha karibu sentimita 60. Si lazima bati zima, vijiti vinane vya waya mnene vinatosha, na upepo unapita. Waya wa kati wa kebo unaungwa kwenye sahani, wavu wa nje kwenye koni, visigusane. Utashika FM mpaka masafa ya televisheni. Lakini inasikia pande zote sawasawa, kwa hiyo kwa umbali haiizidi sana dipole ya kawaida (antena ya vijiti viwili tu), na mlima ukikaa katikati upana wake haukusaidii kitu.

Ipo logi-periodiki, antena ya vijiti vinavyozidiana urefu hatua kwa hatua, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, miaka ya 1950, inayopata vyote viwili, upana na kuvuta, kwa kiasi. Hata hiyo, kwa urefu uleule wa bomba, Yagi huizidi kwa kuvuta.

Wala mita ya SWR, inayopima nguvu zinazorudishwa na antena kwenye kebo, isikudanganye: kusoma vizuri si kuvuta. Rezista ya omu 50 peke yake itasoma 1:1, yaani safi kabisa, kwa kila masafa, na haishiki kituo hata kimoja.

Kwa hiyo, ndugu yangu fundi, mteja wa Tukuyu mwuzie antena yako ya masafa mapana kwa kumwambia inashika vituo vingi. Akitaka kituo kimoja cha mbali, mwelekeze kwenye Yagi na mlingoti mrefu.