Maneno ya Kijerumani yanayokuchanganya kwa sababu unajua Kiingereza

Nafundisha Kijerumani, wanafunzi wangu wengi ni manesi wanaojiandaa na mtihani wa B1 (ngazi ya kati ya lugha), na wanaosumbuka zaidi ni wale ambao Kiingereza chao kiko vizuri. Maneno marefu hayawashindi, yanayowashinda ni haya mafupi yanayofanana na Kiingereza. Mtu anaona wer anajibu "wapi", anaona wo anajibu "nani", kumbe ni kinyume kabisa, wer ndo nani na wo ndo wapi.

Dawa ya kwanza, Kiingereza kitoe katikati. Kwenye kadi yako ya kukariria maneno andika bekommen, nyuma yake andika kupata, basi. Ukipitia Kiingereza tu, become inajipenyeza halafu unasema "Ich bekomme Pflegefachfrau" ukijua umesema unasomea unesi, wakati Mjerumani anasikia kama vile unapewa nesi. Hiyo become, yaani kuja kuwa kitu fulani, kwa Kijerumani ni werden: Ich werde Pflegefachfrau, nakuwa nesi.

Pili, maneno mawili yanayogongana usiyasome siku moja, hapa nasisitiza kweli maana vitabu vingi vinayaweka pamoja na ndo yanazidi kuvurugana. Anza na wo peke yake, ipe ndugu zake woher (kutoka wapi), wohin (kwenda wapi) na wohnen (kuishi), sema "Wo wohnst du?", unaishi wapi, mpaka ulimi uzoee, yote hayo ni habari za mahali. Wer iache kwanza. Ije baadaye na sentensi yake, "Wer ist da?", nani yupo hapo, ile ya mtu akigonga mlango.

Kuna sehemu Kiswahili nacho hakikusaidii. Kujua kwetu ni moja, wao wana kennen na wissen. Angalia kinachofuata: Ich kenne den Arzt, namjua daktari. Ich weiß, wo der Arzt ist, najua daktari alipo. Mtu au kitu ni kennen, maelezo mazima ni wissen.

Na kwa manesi hii ni muhimu sana, übergeben. Mwisho wa shifti kuna Übergabe, unakabidhi wagonjwa: Ich übergebe den Patienten. Sasa ukisema ich übergebe mich, hiyo mich tu imebadilisha kila kitu, umesema unatapika. Ndo maana kitenzi sifundishi kikiwa peke yake hata siku moja, nakifundisha na kile kinachoandamana nacho.

Handy ni simu, Chef ni bosi, hayo wala usiyapotezee muda, ukifika Ujerumani utayasikia kila siku yatakaa yenyewe. Nguvu zako weka kwenye vitenzi.