Je, wajua kwa nini kuna nyoka lazima akae kwenye friji kwanza ndo azae?

Huku kwetu ukitaja nyoka mtu anawaza joto. Jua la saa nane, mawe yamechemka, kifutu kajilaza kwenye njia ya ng'ombe. Hata ukienda Meserani Snake Park, pale nje ya Arusha barabara ya Dodoma, utakutana na koboko, swila, chatu, wote watu wa joto hao. Kwaio chalii wa Chuga akisikia kuna wafugaji Ulaya na Marekani wanamweka nyoka wao kwenye friji miezi miwili mitatu makusudi, anajua moja kwa moja huyo nyoka anateswa. Wala. Hapo ndo wanamtafutia watoto.

Nyoka mwenyewe ni wa Asia, yuko kwenye lile kundi la nyoka wala panya, wafugaji wanamwita mandarini na jina lake la kisayansi ni Euprepiophis mandarinus. Aliyemwelezea kisayansi mara ya kwanza ni daktari wa Kidenmaki, Theodore Cantor, mwaka 1842. Anapatikana China, Taiwani, Vietnamu, Laos, Myanmar mpaka kaskazini mashariki mwa India. Hana sumu, urefu wake kama mita moja hivi, mwili wa kijivu na mgongoni madoa makubwa meusi, kila doa katikati lina njano inayowaka kabisa. Mzuri kupita maelezo, na uzuri huo ndo uliomponza.

Maana miaka ya 80 na 90 walikuwa wanakamatwa porini na kusafirishwa kwa wingi kwenda kuuzwa, na walikufa sana tu. Anafika amekauka maji, tumboni minyoo, ana stresi, alafu mnunuzi anamtia kwenye boksi la kioo lisilo na kitu ndani na kumwashia taa ya joto kama anavyomfanyia nyoka mwingine yeyote. Akapata jina la nyoka asiyefugika. Ila ukiangalia anakotoka unaelewa: huyu ni wa milimani, anapanda hadi zaidi ya mita 2,000, na muda mwingi yuko chini ya ardhi kwenye mashimo ya panya, sehemu yenye ubaridi, unyevu na giza. Siku hizi wanaofugwa wengi wamezaliwa mikononi mwa wafugaji, hao angalau wana nafuu, lakini tabia ni ile ile.

Joto lake ni nyuzi 20 mpaka 24, usiku ikishuka kidogo hana neno. Ikipita 28 na kukaa huko anaanza kuharibika, anakataa kula, anatapika alichokula, anazungukazunguka pembeni mwa boksi usiku kucha au anaenda kulala kwenye bakuli la maji. Nyoka hatoi jasho, dawa yake ya joto ni kuhama, na ndani ya boksi atahamia wapi? Kwa hali ya hewa, nyumba ya Ngaramtoni chini ya Meru angekaa bila shida, ila Moshi mjini Januari, pale mchana inapopita 30, bila AC umeshamuua.

Boksi lake halihitaji urembo. Plastiki yenye mfuniko unaobana, matundu ya hewa, ndani makumbi ya nazi yaliyosagwa au udongo laini, kina cha kutosha ajichimbie, upande mmoja na unyevu na mwingine mkavu. Maranda ya mbao yenye harufu kali kama mwerezi usiweke, yale mafuta yake yanamdhuru. Kumshikashika pia achana nako, huyu ni wa kufuga bila kumwona mara nyingi, ukitaka nyoka wa kupigia picha na wageni tafuta mwingine. Alafu kabla hujaenda mbali, kwa hapa Tanzania usifikiri ni kuagiza tu kama simu, kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na mambo ya vibali, na hata wa porini kwetu huwezi kuokota tu ukamfuga.

Haya, friji sasa. Kule milimani kwao kuna baridi ya kweli, chakula kinapotea, nyoka anaingia chini na mwili unazima karibu kila kitu kwa miezi. Baridi ikiisha na joto likarudi, ile badiliko ndo saa yake ya mwilini, homoni zinapanda, dume anaanza kutafuta jike, na jike mayai yaliyokuwa madogo tumboni yanaanza kujaa kiini kutokana na mafuta aliyoyaweka kabla ya baridi. Ukimweka joto moja mwaka mzima mwili wake hauna habari kwamba msimu umebadilika, matokeo yake jike na dume hawana habari na kila mmoja, au jike anataga mayai viza.

Sasa utasema si Julai Arusha kuna baridi, watu wanatembea na makoti? Ndio, usiku. Mchana jua likitoka unavua sweta. Yeye anataka nyuzi 8 mpaka 12 zilizotulia, mchana na usiku, kama miezi miwili au mitatu. Ndo maana wanatumia friji ya waini, au friji ya soda iliyofungwa kidhibiti joto, maana ile ya soda yenyewe inapoza kupita kiasi. Na humuingizi ameshiba. Wiki mbili tatu kabla hapewi chakula, huku bado yuko kwenye joto la kawaida, tumbo liishe kabisa, kwa sababu kwenye baridi haswa mmeng'enyo unasimama na panya aliyebaki tumboni anaoza humo humo. Maji anakuwa nayo muda wote. Friji inafunguliwa mara kwa mara hewa ibadilike, na joto linashushwa taratibu, kupandishwa taratibu.

Akitoka anapewa chakula kidogo kidogo, panya wachanga kadhaa na sio panya mmoja mkubwa, maana hata porini kazi yake ni kuvamia viota vya panya shimoni. Baada ya hapo jike anapelekwa kwa dume. Dalili ya kwamba mambo yamekaribia ni jike kujivua gamba, na siku chache baadae anaingia kwenye boksi lenye majani ya ukoka au moss (vile vimea laini vya kijani vinavyoota penye unyevu) iliyolowa na kutaga mayai machache, mara nyingi kati ya matatu na manane, marefu marefu na ganda laini kama ngozi.

Mayai usiyageuze! Hapa mfugaji wa kuku atapinga, maana kuku anageuza ya kwake kila siku. Lakini yai la kuku lina kamba za ute zinazoshikilia kiini katikati, la nyoka halina, mtoto anajishikiza juu ya ganda mapema tu, ukiligeuza anabaki chini na uzito wa kiini unamkandamiza. Wafugaji wanachora alama ya penseli juu ya kila yai, wanayalaza kwenye vemikulaiti (punje nyepesi za madini zinazoshika maji) yenye unyevu kwa nyuzi 24 hadi 26, na baada ya muda ukimulika na tochi ya simu unaona mishipa myekundu imetambaa ndani. Yanachukua kama siku 50 na zaidi.

Vitoto vikitoka havili mpaka vijivue gamba la kwanza. Alafu kila kimoja kinakaa peke yake kwenye kiboksi kidogo chenye unyevu, kinapewa panya aliyezaliwa siku hiyo hiyo, yule bado mwekundu hana manyoya, jioni, kinafunikwa na kuachwa gizani mpaka asubuhi. Asubuhi ukikuta panya yupo vile vile unamtoa, unasubiri siku kadhaa na kujaribu tena. Ukikaa pale kuchungulia hakili.