Kujibu barua ya maelezo yenye lawama usiyostahili

Katika kazi yangu ya kuwashauri wafanyakazi hapa Lubumbashi, karatasi ninayoletewa mara nyingi kuliko zote ni demande d'explication, yaani barua ambayo mkuu wa kazi humtaka mtu wake aeleze kosa fulani kwa maandishi, tena kwa muda mfupi. Wengi huisoma kama hukumu iliyokwisha kutolewa. Basi mmoja huomba radhi kwa jambo asilolifanya, ili yaishe tu, na mwingine huandika kurasa tatu za hasira. Wote wawili wamejiumiza, kwa sababu jibu hilo huwekwa kwenye faili na ndilo litakalosomwa siku mambo yatakapoharibika.

Nitoe mfano wa mtunza ghala wa kampuni moja inayohudumia migodi ya upande wa Likasi. Alilaumiwa kwa "uzembe wa kila mara" baada ya mapipa ya mafuta kukosekana. Rasimu aliyoniletea ilieleza miaka aliyotumikia, ada za watoto na chuki ya chefu wake, yaani mkuu wake wa kazi, lakini kuhusu mapipa haikusema neno. Tuliiandika upya kwa nusu ukurasa: mapipa yalihesabiwa lini, ufunguo ulikuwa kwa nani, na likizo yake ilianza tarehe gani, pamoja na nakala ya ruhusa iliyotiwa sahihi na chefu huyohuyo. Kuhusu "kila mara", aliomba kwa adabu atajiwe tukio jingine na tarehe yake. Ripoti ya mwezi aliichelewesha kweli, naye akakiri hivyo kwa sentensi moja, jambo ambalo kwa maoni yangu lilizipa nguvu sentensi nyingine zote.

Jibu lipelekwe kwa nakala mbili, na moja urudi nayo ikiwa na tarehe, sahihi na muhuri wa aliyeipokea.

Lawama ya mdomo mbele ya wenzako ni ngumu zaidi, hasa katika mji huu uliolelewa na kambi za kampuni za madini, Union Minière na baadaye Gécamines, ambako kumjibu mkubwa hadharani bado huonekana kuwa utovu wa nidhamu. Hapo husemi mengi: "Chefu, nimesikia. Naomba unipokee ofisini, unionyeshe ni kazi gani na ya siku gani." Baada ya mazungumzo, mwandikie kwa ufupi mliyokubaliana.

Iwapo lawama itafikia kufukuzwa, Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002, iliyorekebishwa 2016, ina mengi ya kukulinda. Kifungu cha 62 kinadai sababu halali, nacho hakimruhusu mwajiri kukuachisha kwa kuwa ulimshtaki. Kwa kosa zito, kifungu cha 72 kinampa siku 15 za kazi, tangu alipolijua kosa, kukuarifu kwa maandishi. Kesi haipokelewi mahakamani kabla ya kupitia upatanisho mbele ya mkaguzi wa kazi, na huko ndiko ile nakala yenye muhuri hutakiwa. Ikithibitika kwamba ulifukuzwa bila sababu, kifungu cha 63 kinakupa haki ya kurudishwa kazini, au fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36.