Una sukari na umewekewa stenti? Hizi stori za Kondele zisikudanganye

"Ukishawekewa stenti moyo umepona." Hii nimeisikia Kibuye sokoni, Kisumu, nimeisikia kwa matatu, na mjomba wangu aliirudia wiki mbili tu baada ya kutoka hosi, soda baridi mkononi. Zii. Stenti ni kawavu kadogo ka chuma kanashikilia mshipa pale tu palibanwa, ile mingine iko vile ilikuwa, na sukari bado iko kwa damu.

Halafu kuna wale wa "ikiziba tena ni daktari aliharibu, ama chuma imeshika kutu". Kutu wapi! Stenti ikipanuliwa inakwaruza ukuta wa mshipa, mwili unaanza kuponya hicho kidonda, nyama inaota ndani ya wavu vile nyasi hupenya kwa fensi. Sasa kwa mtu wa sukari huko kuponya kunapitiliza, sababu sukari ikikaa juu na insulini nayo haifanyi kazi vizuri, ukuta wa mshipa unakaa umewaka na seli zinazaana haraka, na mishipa yake mara nyingi ni myembamba tangu mwanzo, so nyama kidogo tu imeziba. Mara nyingi ni ndani ya mwaka wa kwanza.

"Lakini siku hizi stenti ziko na dawa." Ni kweli, zimepakwa dawa ya kuzuia hiyo nyama kuota, Marekani walipitisha ya kwanza 2003 na zimepunguza hiyo shida sana, ila mwenye sukari bado ako kwa hatari kuliko jirani yake. Ndio maana mishipa kadhaa ikiziba unaweza kuambiwa ufanyiwe bypass, yaani upasuaji wa kuipitishia damu njia nyingine kando ya palipoziba: utafiti wa FREEDOM wa 2012 ulionyesha wagonjwa wa sukari wa aina hiyo waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wa stenti, ingawa stroki ziliongezeka.

"Kifua hakiumi, niko fiti." Sukari hukula neva, moyo unaweza kulia usisikie kitu. Mjomba hakuwahi shika kifua, alikuwa anahema tu akipanda ngazi za kanisa, sisi tukasema ni uzee.

Na tembe, ati unaacha ukiskia poa. Aspirini na klopidogreli ukiziacha ghafla damu inaweza kuganda ndani ya stenti, na hiyo haingoji miezi, ni dakika. Muda wa kuzimeza anapanga daktari, mara nyingi miezi 6 hadi 12, na aspirini huendelea. Mjomba tulimpata anameza siku moja anaruka moja, ati zisiishe kabla ya pesa ya miwa kuingia.