Samaki Wanapoelea Bwawani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mabwawa na malambo ya Dodoma na Singida yanategemea mvua ya msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Mvua yenyewe ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na jua na upepo vinaweza kukausha maji mengi kuliko hayo. Kufika Septemba maji yamepungua, yamekolea chumvi na samadi, na mwani umepata mahali pa kustawi. Huo ndio wakati samaki wanapokufa na maneno kuzagaa. Baadhi ya maneno hayo yanaua mifugo, na mengine yanatafuna fedha za kijiji bure.

Dhana: "Samaki wote hao kwa usiku mmoja? Kuna mtu katia sumu."

Inawezekana. Wapo wanaovua kwa utupa, wapo wanaomwaga dawa za mashambani au za josho, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa sumu. Lakini kisa cha kawaida zaidi ni samaki kukosa hewa. Mwani hutoa oksijeni mchana kwa msaada wa jua, na usiku nao huivuta. Bwawa lililojaa mwani linaweza kuwa na oksijeni tele saa 9 alasiri, kisha likabaki karibu na sifuri saa 11 alfajiri. Tena huku kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi na maji ya nyuzi 25, lita moja hushika miligramu 7 tu na ushei za oksijeni maji yakilingana na hewa. Perege huanza kutaabika ikishuka chini ya 3. Ikikaa chini ya 1, wengi hufa. Zikiingia siku mbili tatu za mawingu, au mvua ya kwanza ikisomba samadi ya mazizi yote ya bondeni, inatosha.

Kabla ya kumtuhumu mtu, tazameni nani kafa. Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu ya maji. Perege wakifa na kambale akabaki mzima, oksijeni ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kambale, vyura na wadudu wa majini wakifa pamoja nao, hapo sumu inakaribia zaidi. Tazameni saa pia: vifo vya kukosa hewa huonekana alfajiri, samaki wakiwa juu wanatweta, na wakubwa ndio hutangulia. Sumu haichagui saa, na mara nyingi huanza na wadogo.

Mwezi Machi 2022 samaki walipokufa Mto Mara, kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kwamba oksijeni ilishuka kwa sababu ya uozo wa mimea na kinyesi na mikojo ya mifugo. Wapo waliolipinga jibu hilo hadharani. Hata hivyo, namna oksijeni inavyoisha majini kwa sababu ya uozo si jambo la kubishaniwa.

Kama samaki bado wanatweta, pampu ya umwagiliaji inaokoa. Mdomo wa kuvutia maji ukae karibu na juu, usiguse tope, na maji yarushwe hewani yarudi bwawani kama mvua. Ianze saa 8 usiku, isingoje jua lichomoze. Acheni kuwalisha samaki na acheni kabisa kutia samadi.

Dhana: "Maji ya kijani ukiyachemsha yanakuwa salama."

Hii ndiyo inayotutia hofu kuliko zote. Mwani unaofanana na rangi iliyomwagika juu ya maji kwa kawaida ni sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kama mwani, na baadhi yake hutoa mikrosistini, sumu ya ini. Moto wa jikoni hauiharibu. Maji yanapopungua sufuriani sumu hukolea, na chembe zinazopasuka huitoa iliyokuwa ndani. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji yanayonywewa siku zote ni mikrogramu 1 kwa lita. Agosti 2014 mji wa Toledo, Marekani, uliwatangazia wakazi wake wasinywe maji ya bomba na wasiyachemshe, kwa sababu hiyohiyo.

Kitambaa hakiizuii sumu iliyokwisha kuyeyuka. Chukueni maji kwenye kisima au bomba, na kama hakuna, mchote upande unakotoka upepo, mbali na utando. Upepo hukusanya utando kwenye ukingo mmoja, na mara nyingi ndipo ng'ombe wanaponyweshwa.

Dhana: "Utando umekauka, sumu imeisha."

Haijaisha. Gamba lililokauka ukingoni linaweza kubaki na sumu kwa miezi. Mbuzi na mbwa wasililambe, watoto wasilichezee.

Dhana: "Mwani wa sumu unajulikana kwa rangi."

Rangi haitoshi. Mwaka 2022 Mto Oder, kati ya Poland na Ujerumani, ulipoteza mamia ya tani za samaki kwa mwani wa dhahabu, ambao hushambulia matamvua. Ni mwani uliozoea maji ya chumvichumvi. Ulistawi mtoni kwa sababu maji ya chumvi ya migodi na viwanda yalikutana na ukame na joto. Hatusemi mwani huo uko Ziwa Singidani au kwenye kinamasi cha Bahi. Tunasema chumvi ipimwe pamoja na mengine.

Kipimo cha nyumbani: vaa glovu, jaza chupa angavu robo tatu, iache kivulini siku nzima bila kuitikisa. Kijani kikipanda na kufanya pete juu, yaelekea ni sianobakteria. Kikituama chini, yaelekea ni mwani mwingine. Ukiuinua kwa kijiti ukaning'inia kama nywele, si ule wa utando. Kipimo hiki hakisemi kama sumu ipo. Hilo ni la maabara.

Dhana: "Mrututu unausafisha mwani."

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, unaua mwani, kweli. Lakini chembe zikipasuka kwa pamoja hutapika sumu yote majini, na zikioza hula oksijeni iliyobaki. Shaba yenyewe hubaki kwenye tope. Wakulima wa zabibu wanaoujua mrututu wausikie huu: kipimo cha shambani si cha bwawani.

Dhana: "Tope likichimbwa, tatizo limekwisha."

Tope ni ghala la fosforasi inayolisha mwani. Chini yake hakuna oksijeni. Kuna amonia na gesi inayonuka yai viza. Kijiko (mtambo wa kuchimba) kikilikoroga samaki wakiwamo, tope hula oksijeni, gesi hupanda, na mwani hupata chakula kipya. Maji yenye magadi huongeza hatari: kwenye pH 7 (maji yasiyo na uchachu wala magadi) chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo iko katika hali ya sumu, lakini kwenye pH 9 na nyuzi 25 ni zaidi ya theluthi moja.

Kwa hiyo chimbeni pakavu, Septemba hadi Novemba, baada ya kuvua samaki waliobaki. Kwanza pigeni vishimo vya majaribio kujua tabaka la mfinyanzi lina unene gani; likitobolewa, lambo litavuja. Msikaribie mguu wa tuta wala utoro wa maji, yaani mahali maji ya ziada yanapotokea. Tope lisirundikwe ukingoni, maana mvua ya kwanza italirudisha.

Fanyeni hesabu mapema. Lambo la hekta 1, tope la nusu mita: mita za ujazo 5,000, sawa na safari 500 za tipa ya mita za ujazo 10. Fedha hiyo inapotea kama mlima ulioleta tope uko vilevile. Mabwawa ya Ikowa, Msalatu, Imagi na Matumbulu, mkoani Dodoma, yalichunguzwa miaka ya mwanzo ya 1970, na ikaonekana wazi jinsi mmomonyoko ulivyokuwa ukiyajaza. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na 1979 mifugo iliondolewa eneo lililoharibika la Kondoa. Kijiji kinaweza kuanza na matuta ya fanya juu (udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu), mfereji wa sentimita 60 kwa 60 ukifuata kontua, mtego wa mawe kwenye korongo linaloingiza maji, na birika la kunyweshea nje ya uzio.

Dhana: "Samaki waliokufa ukiwakaanga vizuri hawana shida."

Msiwale, msiwauze, msiwakaushe. Mafuta ya moto hayaondoi sumu ya mwani wala ya dawa. Hata waliovuliwa hai kwenye maji yenye utando, tupeni matumbo na maini, ambako sumu hukusanyika zaidi.

Chukueni badala yake sampuli: lita moja ya maji kwenye chupa safi iliyojaa hadi juu, ifunikwe isipate mwanga, pamoja na samaki watatu wanaotweta, wote kwenye barafu bila kugandishwa. Andikeni saa, mahali na hali ya kambale, kisha mtoe taarifa kwa afisa uvuvi na bodi ya maji ya bonde siku hiyohiyo. Oksijeni ipimwe palepale bwawani, kabla jua halijachomoza.