Je, wajua familia ya Medici ilitawalaje Florence bila taji?

Florence ya karne ya 15, mji wa Italia, ilikuwa jamhuri, na wenyeji wake walijivunia hilo. Serikali yao, Signoria, ilikuwa na watu tisa, na kila baada ya miezi miwili wote tisa walitoka wakaingia wengine. Majina yao yalichomolewa kwa bahati nasibu kutoka kwenye mifuko ya ngozi. Utaratibu huo uliwekwa makusudi, asije mtu akaota mizizi kitini. Hata hivyo, tangu 1434 hadi 1494, mwenye shida kubwa mjini humo alijua mlango wa kubisha: kwa Medici, wenye benki. Waliwezaje?

Tuanze na fedha. Giovanni di Bicci de' Medici alianzisha benki yake Florence mwaka 1397. Kanisa lilikataza riba, na adhabu yake haikuwa ya mchezo, kwa hiyo wenye benki walipita njia ya pembeni. Mfanyabiashara alipewa florini, sarafu za dhahabu za mji huo, akiwa Florence, akaahidi kwa hati kulipa kwa fedha ya Kiingereza huko London baada ya miezi mitatu. Faida ilijificha ndani ya bei ya kubadilishia fedha, na kwenye karatasi hapakuwa na riba hata senti. Ujanja? Bila shaka, na mapapa waliujua, kwani wao wenyewe walikuwa wateja wakubwa. Katika miaka ya mwanzo, zaidi ya nusu ya faida ya benki ilitoka tawi la Roma.

Lakini matajiri Florence walikuwa wengi, na hawakutawala. Hapa ndipo Cosimo, mwana wa Giovanni, alipowazidi akili. Mwaka 1433 mahasimu wake, wakiongozwa na ukoo wa Albizzi, walimfungia mnarani kisha wakamfukuza mjini. Mwaka mmoja tu baadaye akaitwa arudi. Aliporudi hakuifuta bahati nasibu. Angeifuta, watu wangepiga kelele. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba maofisa wanaotia majina mifukoni ni watu wake. Mkono uliendelea kuchomoa majina mbele ya macho ya wote, ila lolote litakalotoka lilikuwa la rafiki, au walau la mtu asiye na ubishi.

Kulikuwa na kanuni nyingine iliyomfaa: mwenye deni la kodi hakuruhusiwa kushika nafasi. Sasa fikiria fundi au mfanyabiashara mdogo, jina lake limo mfukoni, kodi imemlemea, na jirani yake ana benki. Mkopo wa namna hiyo haukuhitaji riba ya fedha. Watu walimwandikia Cosimo wakiomba mahari ya binti, kazi ya kijana, neno la kuwatetea mahakamani, na kila ombi lililokubaliwa liliacha deni lisiloandikwa daftarini. Yeye mwenyewe alikaa kiti cha juu cha Signoria mara tatu tu, miezi miwili miwili. Alipofariki mwaka 1464, mji ulimwandikia kaburini kwamba ni Baba wa Taifa.

Kwa maoni yangu, siasa hiyo hiyo ndiyo iliyoiua benki. Matawi ya London na Bruges yaliwakopesha wakubwa, Mfalme Edward IV wa Uingereza na Charles, mtawala wa Burgundy, na mtawala asipolipa utamshtaki kwa nani? Lorenzo, mjukuu wa Cosimo, alikuwa hodari wa siasa kuliko hesabu. Papa Sixtus IV aliihamishia akaunti yake kwa wapinzani wao, ukoo wa Pazzi, ambao nao walikuwa wenye benki. Tarehe 26 Aprili 1478 Pazzi na wenzao waliwavamia ndugu wawili wa Medici ndani ya kanisa kuu, ibada ikiendelea. Giuliano aliuawa, Lorenzo akaponea chupuchupu na jeraha la shingo.

Mwaka 1494 familia ilifukuzwa na benki ikaanguka. Ajabu ni kwamba ukoo haukuzama nayo. Mwaka 1513 mwana wa Lorenzo akawa Papa Leo X, miaka kumi baadaye binamu yake akawa Clement VII, na mwaka 1532 Medici wakapewa rasmi cheo cha utawala wa kurithi Florence. Mifuko ya ngozi haikuhitajika tena.